Yule Aliyeitwa Jilala

1.

Wembe.

Kisha maji, kisha wembe tena.

Nilijinyoa nyuma ya zizi la marehemu mume wangu, jua likiwaka, wenye nyumba wakiwa mnadani. Naitwa Minza. Matanga ya mume wangu, Luhende, yalipokwisha, ukoo ulinikalisha chini ukaniambia nitarithiwa na kaka yake, Nkinga. Nikasema sitaki. Wakacheka. Nikasema tena.

Hawakucheka.

Walinifungia ghalani ili nipate akili. Akili nikaipata: nikatoboa paa la nyasi. Suruali ya Luhende ilinitosha kiunoni, ikanizidi miguuni. Nikaikunja. Nikavaa na koti lake na kofia yake.


2.

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Anatafutwa mwanamke aitwaye Minza, mjane wa marehemu Luhende. Ni mrefu, mweusi, ana mwanya. Ametoroka nyumbani kwa wakwe zake. Atakayemwona amshike na awajulishe wenye mali.

Limetolewa na familia.


3.

(Malongo, mwenye ng'ombe, anasema:)

Malisho yalikuwa yametuishia kwetu, nikaamua kuhamishia kundi bonde la Rukwa. Akaja kijana mwembamba, koti kubwa, hacheki.

"Jina?"

"Jilala."

"Umewahi kuswaga ng'ombe wewe?"

Dume langu jekundu lilikuwa limechomoka kundini, linaelekea kwenye mihogo ya watu. Akalizunguka taratibu, akaliongelesha, akalirudisha bila kuligusa kwa fimbo.

Nikamwambia, "Haya, chukua upande ule. Tunaondoka sasa hivi."


4.

Yaliyosikika njiani, nyuma ya ng'ombe:

— Huyu Jilala mbona haogi na wenzake?

— Ana kovu, kasema.

— Kovu gani hilo la kumzuia mtu kucheka?

— Bundala, mwache mwenzio. Wewe si unacheka kwa niaba yetu sote?


5.

TANGAZO LA PILI

Wananchi wanajulishwa kuwa Minza si mtoro tu. Wazee wa ukoo wamethibitisha kwamba ndiye aliyemroga mumewe. Inasadikiwa amevaa nguo za kiume. Ndugu wa marehemu wanamfuata kwa pikipiki. Yeyote atakayempa hifadhi atahesabiwa kuwa

(karatasi imechanika hapo)


6.

Bundala ndiye aliyelisoma kwa sauti, dukani tulipopita kununua chumvi. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nikaikataza. Anayekimbia hufukuzwa, aliyebeba gunia hupishwa njia. Nikabeba gunia.

Homa ya Luhende niliiuguza mimi. Nilimkanda, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko mpaka akashindwa kumeza. Nkinga hakupiga hata hodi. Leo mimi ndiye mchawi.

Sawa.

Basi mchawi anakwenda Rukwa.


7.

(Malongo:)

Mto Ugalla ulikuwa umejaa. Tukavua nguo, tukazifunga vichwani. Jilala aliingia na koti lake, ameshika mkia wa ng'ombe. Katikati ya mto, ndama akachukuliwa na maji. Jilala akauachia mkia.

Tukamwita.

Maji tu.

Akaibukia mbali, maji yalikompeleka, ng'ambo, amemkumbatia ndama, koti limegandamana na mwili wake.

Niliona.

Nikageuka, nikaanza kuhesabu ng'ombe wangu. Nilipomaliza nikahesabu upya, polepole, na wenzangu nikawaambia wahesabu nao, mpaka koti lile likakauka.


8.

(Nkinga, kaka wa marehemu, naye asikilizwe:)

Mnanitazama kama fisi. Ninyi hamkuwapo. Alinikataa mbele ya baba zangu wadogo, mbele ya watoto wangu. Kila kisima ninachofika, watu wananipa maji kisha wananiuliza, "Vipi, umempata?" Niulizwe hivyo hadi kaburini?

Sirudi mikono mitupu.

Sirudi.


9.

(Bundala:)

Walitukuta asubuhi, ng'ombe wakitoka kwenye boma la miiba. Nkinga na wadogo zake wawili, na mapanga. Jilala alikuwa huko ndani, katikati ya pembe na vumbi. Nkinga akawapita wenzangu wote, akasimama mbele yangu. Mimi ni mwembamba, na ndevu sina.

"Wewe. Vua shati."

"Kaka, mimi ni Bundala, mtoto wa..."

Panga likagusa shingo yangu. Baridi. Nikaanza kufungua vifungo. Wadogo zake wakacheka.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke. Tumetembea naye njia yote hiyo, na sauti ile sikuwahi kuisikia.

"Shemeji, mwache huyo. Niko hapa."

Jilala akatoka katikati ya ng'ombe. Akavua kofia. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, nikauona mwanya.

Nkinga akasema, "Panda pikipiki."

"Sipandi."

"Umemuua ndugu yangu, mchawi wewe!"

"Kama ni mchawi, mbona huniogopi?"

Wadogo zake wakaacha kucheka. Mmoja akarudi nyuma hatua moja, akajifanya anakanyaga mwiba.

Mzee Malongo akaja akasimama kando ya Jilala, fimbo mkononi. "Mchungaji wangu amesema hapandi," akasema. "Umesikia, au nikutafsirie?"

"Mzee, wewe ulijua?"

"Nilijua. Na ng'ombe wangu bado wanazaa; mchawi gani huyo?"

Nikafunga vifungo vyangu. Nikaenda, nikasimama upande wa pili wa Jilala. Na wenzangu wakaja.

Nkinga hakushusha panga.


10.

Wewe unayesoma unataka nikuambie nani aliondoka kwanza. Bado hajaondoka mtu. Panga liko juu. Uso wa Nkinga unafanana sana na wa Luhende, hilo sikulitegemea, na linaniuma.

"Minza," ananiita. Tangu matanga, ndiyo mara ya kwanza anataja jina langu bila neno jingine mbele yake. "Minza, nikawaambie nini watu?"

"Waambie umenikuta."

Nampa mgongo. Ngozi yote ya mgongo wangu inasubiri. Jua limepanda, wanyama wana kiu, na Malongo anasema bwawa la kwanza liko nyuma ya kilima kile.

Nainua fimbo.

"Twendeni."

Ng'ombe wa mbele anageuza kichwa, anasikiliza sauti hii ngeni, kisha anaanza kutembea kuelekea kilimani.