Mashua Kubwa kwa Bei ya Ndogo

Mimi sipendi kitu cha rahisi. Mtu akinipunguzia bei kabla sijaomba, naangalia kwanza mikono yake, kisha naangalia njia ya kutokea. Kwa hiyo mume wangu Rubens aliporudi kutoka ufukweni akicheka peke yake, akasema Florent dalali ameleta mashua mbili za tanga kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na ile kubwa anaiuza kwa bei ya ile ndogo, nilivaa viatu.

Mashua tuliihitaji. Tunapakia maharagwe na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka vijiji vya kusini, na mafuta ya moteri yalikuwa yanakula faida yote. Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda kuangalia mwenyewe. Papa yangu, Banza, alipotea ziwani nikiwa na miaka tisa. Aliondoka asubuhi na mashua nyeupe ya tanga aliyoachiwa na tajiri wake Mgiriki, hakurudi. Mama yangu, Rebecca, alisema ziwa limemchukua. Tukanyoa nywele, tukakaa chini, tukalia. Sikutaka Rubens naye aende hivyo, ndani ya kitu nisichokijua.

Zote mbili zilikuwa zimefungwa nyuma ya soko la samaki. Ndogo ilikuwa ya mita saba, ya plastiki ngumu, imetengenezwa Ulaya miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuonekana kwetu. Tanga lake lilikuwa na viraka, na ndani mtu hasimami wima; wakilala wawili, wa tatu akae na magunia. Ila mkuku wake, yaani uti wa chini, ni mfupi, inaingia mpaka mchangani, na mtu mmoja anaimudu. Kubwa ilikuwa ya mita kumi na mbili, ya mbao nzito, ya wakati wa Wabelgiji, imepakwa kijani juu mpaka chini. Ilikuwa na vitanda vinne, jiko, na tanga jipya kabisa. Rubens kichwani alikuwa ameshaijaza mzigo. Nilimuuliza ataipeleka wapi na mkuku mrefu namna ile, wakati vijijini hakuna gati, na nani atamsaidia kuvuta kamba zote zile. Akasema nina mdomo.

Mimi jicho langu lilikuwa kwenye rangi. Rangi mpya kwenye mashua ya zamani ni kama manukato kwa mtu asiyeoga. Nikamuuliza Florent inavuja wapi, akaapa haivuji. Nikamuuliza kwa nini basi anaitupa. Akasema siku hizi watu wanaogopa mbao, zinataka kazi. Nilimshuku, na Rubens nikamshuku pia, kwa jinsi walivyokuwa wakitazamana. Nikavua viatu nikaingia ndani.

Niligonga ubao mmoja mmoja, nikinusa. Chini ya kitanda cha mwisho rangi haikufika. Hapo palikuwa na ubao mwekundu uliochongwa ndege wawili wanaotazamana, mmoja hana mdomo.

Kitanda cha ndoa cha Mama, alichochongewa na babu, kina ndege hao hao upande wa kichwani. Ubao wa miguuni Papa aliung'oa kuziba mashua yake, na Mama alimgombeza juu ya ubao huo mpaka mwezi ule alipopotea. Mdomo wa ndege niliuvunja mimi, kwa kijiko.

Basi chini ya kijani kile ilikuwa mashua ya Papa. Nilijiambia kwamba labda mashua iliokotwa inaelea, bila mtu. Nilipotoka nikamuuliza Florent mwenye mashua ni nani.

"Muzee moja wa Kigoma, lakini lugha yake ni ya huku," alisema. "Alivuka nayo zamani, akingali kijana. Ni muzima, Mama Ketsia. Magoti tu njo inamusumbua, na batoto yake hawapendi maji."

Nilikuwa na hasira nisiyojua pa kuiweka. Mtu huyo nilimlilia. Na zaidi ya hasira, niliogopa: Mama ni mzee, moyo wake si mzuri, na habari kama hiyo ingeweza kumlaza kabisa.

Nilimkuta anachambua ndagala. Nikampa nusu tu ya habari, kwamba tumeona mashua kubwa ya zamani na ndani mna ubao wa kitanda chake. Nilijiweka tayari kumdaka.

"Ndege wote wawili wangalipo?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Nilingoja aulize mashua imetoka wapi. Hakuuliza. Hapo shaka langu, lililokuwa limepita kwa Florent, kwa Rubens na kwa Papa, likamgeukia yeye. Nikakumbuka Siku ya Wafu. Kila mwaka tunapeleka parokiani majina ya marehemu yasomwe kwenye misa, na Mama huandikisha wazazi wake, kaka zake, hata majirani. Papa hajawahi kumwandikisha. Tulidhani ni uchungu. Nikamuuliza kwa nini.

"Muntu muzima hawamusomee misa ya wafu," alisema. "Ni zambi."

Kisha akaeleza kwa kifupi. Papa alituma neno na mchuuzi, kabla hata hatujaanza kilio, kwamba amepata mke kule na harudi. Mama akaona afadhali tumlilie mara moja kuliko tumngoje ufukweni kila jioni. Nilimkasirikia sana. Halafu nikaona kwamba alikuwa anachambua ndagala zilezile kwa mara ya pili, nikakaa nikachambua naye.

Tulinunua ile ndogo. Rubens alinuna. Siku ya kuichukua, Mama alifika ufukweni kwa pikipiki, ameshika bisibisi. Akaingia kwenye mashua kubwa bila kumwomba mtu, akakaa humo kitambo, akatoka na ubao kwapani. Florent, ameduwaa, akamuuliza sasa yeye atamwambia nini yule mzee.

"Umuambie Rebecca amekamata ubao yake," Mama alisema. "Njo kitu nilikuwa nangojea, hii tu."

Nilimtazama usoni. Sikumwamini, lakini nikamshika mkono, tukapanda njia ya nyumbani.