Kamati ya Daktari Whitcomb

Corinne Vasko alipochoka kuwajazia watu wa Cleveland hesabu za kodi, alijiunga na mpango wa chuo unaowaandaa watu wazima kuomba udaktari. Humo kemia, fizikia na baiolojia unapangiwa, na mwisho kamati inakupigia debe kwenye vyuo vya tiba. Rafiki yake Lorna aliamua kusoma masomo yayo hayo peke yake, mojamoja, chuo cha mtaani, jioni baada ya kazi. Corinne alimcheka bila huruma.

"Utazeeka kabla hujafika, bibi wee."

"Kuzeeka nitazeeka tu," Lorna akajibu. "Bora kwa mwendo wangu."

Mwezi Machi baba yake Corinne, mzee Stan, mjane, akapangiwa upasuaji wa moyo huko Erie, mji wa nyumbani kwao. Hakuwa na mtoto mwingine. Corinne akamwendea Daktari Whitcomb, mkuu wa mpango, amruhusu kuiacha fizikia, aje kuisoma kiangazi karibu na nyumbani.

"Hapa mnakwenda pamoja, Corinne. Ukisoma nje, kamati haikupendekezi."

"Basi najitoa. Nitaomba peke yangu."

"Unaweza," akasema kwa upole wa kukera. "Lakini kila chuo kitauliza mbona kamati yako imekunyamazia. Utawajibu nini?"

Lorna, ambaye hajawahi kuwa na kamati, hakuna atakayemuuliza. Corinne alitoka, akarudi darasani. Alikuwa amenaswa, na alijinasa mwenyewe, tena kwa majigambo.

Siku ya upasuaji iliangukia siku ya mtihani wa maabara ya kemia, usiorudiwa. Kabla ya kuingia akampigia baba yake.

"Baba, nisamehe. Ijumaa nakuja, haki ya Mungu."

"Wewe soma, mwanangu. Lorna yupo."

"Lorna? Lorna gani?"

"Huyo wako. Kaja tangu jana, somo lake kaliahirisha. Ananichorea moyo kwenye karatasi ya kufutia mikono, anionyeshe watakapokata. Huyu atakuwa daktari mzuri, eti?"

"Eh, baba."

Akamsikia Lorna akimtania mzee kuhusu soksi za hospitali, na mzee akicheka. Msimamizi akaamuru simu zizimwe. Corinne akazima, akavaa miwani ya kinga, akaanza kupima chumvi. Machozi yakamjaa ndani ya miwani, na kuivua ni marufuku.