Pamba ya Mawe

Alhamisi, tarehe sita Juni 2024, Abdulwakil aliulizwa swali moja tu, akalijibu kwa ukweli wake wote, na jibu hilo likamzika mkewe mara ya pili.

Muulizaji alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fidia ya wastaafu wa jeshi la wanamaji, bwana mwenye shingo nene na feni yake peke yake. "Mzee, katika utumishi wako melini, uliwahi kushika asbestosi?"

"Sijawahi," alisema Abdulwakil. "Hata kuiona humo melini sijaiona."

Asbestosi aliijua. Ni yale mabati ya kijivu ya kuezekea mashule. Sasa mabati ya shule yangeingiaje kwenye meli ya doria? Wakubwa wakatazamana, wakaandika, dai la fidia ya mkewe likafungwa. Daktari alikuwa ameshasema kuwa marehemu Kazija aliliwa mapafu na vumbi la kazini, naye hakuwahi kufanya kazi popote ila nyumbani kwake. Kamati ikapata na la kuongezea: tena mke hakuvaa sare. Kama anataka rufaa, alete shahidi aliyekuwa na madaraka melini. Haya, mlango ule pale.

Abdulwakil akatoka na uso wa kupigana, hajui ampige nani.

Mwaka uliofuata alikuwa Guangzhou, Uchina, kwenye shughuli yake ya siku zote tangu astaafu, kununua fulana za jumla katika soko la Shisanhang na kuzipeleka Unguja. Ngazi za soko siku hizi alizipanda kwa mafungu, akijifanya anatazama nguo kila alipotaka kupumua. Alifuatana na Nahla, binti wa mdogo wake, aliyesoma huko na sasa akiwafasiria wafanyabiashara. Kichina cha Abdulwakil kilikuwa cha kununulia tu: bei gani, punguza, *meiyou*, yaani hakuna, na *mian*, yaani pamba. Hiyo *mian* hata alama yake aliijua kama sura ya jirani, maana ilishonwa kwenye lebo ya kila fulana aliyowahi kuinunua.

Nyuma ya soko wakakuta uchochoro umezungushiwa utepe. Wanaume waliojifunika mavazi meupe gubigubi, na barakoa nzito usoni, walikuwa wakishusha mabati ya kijivu kutoka kwenye paa la ghala kuukuu. Waliyarowesha maji kwanza, kisha wakayafunga kwenye plastiki taratibu kama wanaokafini maiti.

Abdulwakil akacheka. "Watu hawa waoga! Mabati ya skuli yetu haya haya, tukiyapanda kuchuma mapera." Halafu jicho lake likatua kwenye kibao cha onyo. "Nahla, mbona pale pana *mian*? Wanauza fulana juu ya paa?"

Nahla akasoma. "*Shimian*, ami. *Shi* ni jiwe, *mian* ni pamba. Pamba ya mawe. Ndivyo wanavyoiita asbestosi. Kwenye mabati haya imechanganywa na saruji, lakini yenyewe kabla ya kuchanganywa ni nyuzi tu, nyeupe, laini, kama..."

Akajizuia mwenyewe.

"Kama pamba," akamalizia Abdulwakil, akaushika ukuta.

Chumba cha injini kikamrudia na joto lake. "Leteni pamba, fungeni bomba!" Hiyo ndiyo iliyokuwa amri, na jina jingine hawakupewa. Waliichambua kwa mikono mitupu, wakaizungushia mabomba ya moto, na wakubwa wakigeuka, wao wakarushiana mabonge yake kama watoto wenye unga. Jioni alirudi nyumbani mweupe kama mwoka mikate. Kazija akiipokea ovaroli, akiikung'uta uani kwa nguvu kabla ya kuiroweka, huku akimtania: "Bwana wangu jemadari, leo umepigana na godoro gani?"

"Ami, kaa chini kidogo."

"Sikai. Walinipa kitu kwa jina la uongo, kisha wakaja kuniuliza kwa jina lake la kweli. Na mimi ndiye niliyekosea jibu? Twende Xiaobei. Twende kwa Msabaha."

Msabaha alikuwa mhandisi mkuu wa meli ile, na amri ya pamba ilitoka kinywani mwake. Sasa alikuwa wakala wa kago kwenye ghorofa moja la Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, tumbo mbele, simu tatu mezani. Walimkuta akimpimia mzigo Mumbua, mfanyabiashara wa Nairobi, aliyekuwa amepiga goti juu ya furushi akilikaza kwa utepe.

"Abdul! Karibu, karibu. Unapumua kama umekimbizwa na polisi."

"Napumua kwa hisani yako, afande. Ile pamba ya melini ilikuwa asbestosi."

Tabasamu la Msabaha likabaki usoni, lakini mwenyewe akawa ameshaondoka. "Nani kakwambia?"

"Wachina wameiandika ukutani. Nataka uje kwenye rufaa useme hivyo. Neno moja tu."

"Abdul, ndugu yangu. Wewe dai la mapafu yako, nitakusaidia, hiyo ni haki yako. Lakini la marehemu liache. Mke hana namba ya jeshi."

"Vumbi lilimuuliza namba?"

"Marehemu kapumzika."

"Kapumzika yeye. Mimi sijapumzika, na wewe hupumziki."

Mumbua akainua kichwa. "Aki wazee, mnapigania mwanamke?"

"Ndiyo," akasema Abdulwakil. "Mke wangu."

Msabaha akashusha sauti, akawa mtu wa busara. "Sikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini nani huweza kukiona? Sote tulikuwa gizani. Wallahi, siku zile hakuna aliyejua."

"Rudia."

"Hakuna aliyejua."

Abdulwakil akaivuta pumzi, ikaja nusu. Ikamtosha.

"Nahla, washa simu, rekodi. Na wewe nakwambia kabisa kuwa unarekodiwa, sikuibii. Leo sikuiti afande tena. Ovaroli zenu nyinyi wenye nyota mabegani zilipigwa marufuku kutolewa melini. Nilizibeba mimi mwenyewe, zimefungwa kwenye mifuko, mpaka kwenye mashine ya kufulia humo humo melini. Zetu tukaambiwa kafueni kwenu. Kweli au uongo?"

Msabaha akaitazama mizani kana kwamba kuna mtu amesimama juu yake.

"*Meiyou*," akasema mwishowe, neno la muuza duka anayemfukuza mteja. "Sina ushahidi wa kukupa. Nenda zako."

"Nakwenda. Na maneno haya yanakwenda pamoja nami."

Jioni ile ile sauti hiyo ilitumwa kwa kamati na kwenye kundi la wastaafu wote. Kamati ikajibu: imepokelewa, lakini bila shahidi rufaa haiwezi kusikilizwa. Abdulwakil akawarudishia sauti ya pili, akikohoa katikati na wala hakukifuta kikohozi. Alisema yeye hatafuti tena shahidi; mwenyekiti ndiye amwite, kwa kuwa ndiye mwenye kufungua makabati ya amri za zamani. Alisema hataondoa jina la Kazija, hata wakimlipa mapafu yake kwa dhahabu. Kisha akawauliza: kama hakuna aliyejua, ni nani aliyeamuru nguo za wakubwa zisipelekwe kwa wake zao?