Msindikizaji wa Bi Kumi na Mbili

Usiku wa kuamkia jana, Mzee Semhando wa Muheza alijikuta ndotoni amepanga foleni mbele ya tumbo la mkewe.

Hakushangaa. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na miguu mitupu, na foleni haisogei.

Mkewe, Mwanaheri, alikuwa amemsahau. Si kila kitu alichosahau. Sura za Kurani alizisoma bila kukwama, na ukili wa mikeka aliusuka kama zamani. Ila mumewe alimwita fundi. Aliamini ni fundi aliyeletwa kutengeneza mlango, na kazi imemchelewesha. Kila jioni alimwambia kwa upole kuwa kiza kinaingia, aende kwake, watu wasije wakasema. Naye Semhando aliaga, akatoka, akaizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa uani na kubandika chai. Mwanaheri akisikia vikombe alimkaribisha fundi upya, na akishasinzia, fundi alijilaza kando yake.

Jamaa walisema ni uzee, na yeye alikubali. Mwanaheri mwenyewe alikuwa anakula kidogo, mkate na mchicha na chai ya rangi. Nyama, samaki, mayai na hata maziwa alishavikataa, akisema vinamkinaisha.

Basi katika foleni ile, mbele kabisa, Chuma anagombana na Chai. Chuma, yule wa kwenye damu, ni mwanamume mwembamba, amebeba vikapu vitupu. Analalamika kuwa kila akija na mchicha anamkuta Chai amejitandaza mlangoni, hapiti mtu.

"Mimi sikujileta," anasema Chai. "Nilipikwa na yule mzee pale."

Foleni nzima inageuka kumtazama Semhando. Anaangalia vidole vya miguu yake. Anaahidi kwamba kuanzia kesho Chai atakuja peke yake, mbali na chakula. Chai anakubali bila kinyongo, anasogea, na Chuma anapita.

Nyuma ya Chuma amekaa mama mmoja mnene juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Amevaa nyekundu tupu, kuanzia kilemba hadi viatu. Anajitambulisha kuwa ndiye Vitamini B kumi na mbili, lakini watu wa huku humwita Bi Kumi na Mbili. Anasema kwenye mchicha hakai, makazi yake ni nyama, samaki, mayai na maziwa. Leo amefika kwa dagaa mmoja aliyejificha kwenye mboga.

"Mbona huingii?" Semhando anamuuliza.

"Siruhusiwi kuingia peke yangu. Tumbo lilipokuwa kijana lilikuwa na wasindikizaji tele. Sasa wengi wamestaafu."

Semhando anamwendea mlinzi wa mlango na kuomba amsindikize yeye. Mlinzi anamuuliza ni nani kwa mwenye tumbo. Anajibu kuwa ni mumewe. Mlinzi anafikiri, anatikisa kichwa.

"Humu ndani hatuna mume. Tuna fundi tu."

Semhando anasogea mlangoni. "Basi mimi ndiye fundi."

Mlango unafunguliwa.

Mara wako kwenye barabara nyekundu inayopanda mlima. Chuma anawapita mbio, sasa vikapu vyake vimejaa hewa, anaipeleka juu kichwani na hana muda wa salamu. Bi Kumi na Mbili anatembea taratibu, amemshika Semhando mkono kama bibi harusi. Wakikata kona, wanatokea sebuleni kwa Semhando mwenyewe.

Lakini dari haipo. Pale juu zimetandazwa nyaya, na zimechubuka, ziko uchi. Kila waya unasema maneno nusu. Mmoja unasema, "Chumvi iko..." Mwingine, "Mtoto wa kwanza tulimwita..." Halafu zinanyamaza na kuanza tena.

Bi Kumi na Mbili anatazama juu. Anafungua kilemba, anakichana vipande, anapanda ngazi na kuanza kuzifunga. Semhando anashika ngazi. Waya uliofungwa unamaliza kusema: chumvi iko nyuma ya mtungi. Semhando anasikia furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kisha kitambaa kinakwisha, na nyaya bado ni nyingi.

"Niletee wenzangu," anasema Bi Kumi na Mbili. "Mlangoni watakwama, lakini hospitali wana sindano. Kwa sindano tunaingia kwa mlango wa uani, bila kusindikizwa na mtu."

"Mkija wengi, atanijua?"

"Sikuahidi. Wapo wanaosahau kwa kunikosa mimi, na wapo wanaosahau kwa sababu nyingine kabisa. Damu ikipimwa ndiyo itakayosema. Ila usikawie. Waya ukikaa uchi muda mrefu, haurudi wote."

Semhando anauchukua upindo wa kanzu yake, anauchana, anapanda mwenyewe na kufunga waya mmoja uliokuwa kimya muda wote. Anaufunga polepole, kama anavyofungwa mtoto kidonda.

Ukuta unaondoka. Kuna shamba la machungwa, na chini ya mti amekaa Mwanaheri, msichana, anamenya chungwa. Hainui macho. Anampa kipande na kumwambia ni tamu, ila atazame mbegu.

Semhando anakitia mdomoni. Anaeleza kwa adabu kuwa yeye ni fundi.

"Fundi wa nini?" anasema Mwanaheri. "Wewe ni yule aliyekuja kunichumbia. Umekaa tangu asubuhi, hujui pa kuanzia."

Semhando anafungua mdomo aanze. Akaamka.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Alilala chali akipanga mambo: maji ya kuoga yachemshwe, Mwanaheri avalishwe lile gauni la maua, waende hospitali damu ikapimwe, leo hii, wasingoje kesho. Na dagaa wanunuliwe wakati wa kurudi. Aligeuka amwamshe, ndipo ulimi wake ukagusa kitu kidogo, kigumu, chenye utelezi. Msimu wa machungwa ulikuwa umekwisha zamani, na nyumba ile haikuwa na hata ganda.

Mwanaheri alikuwa macho, amelalia ubavu, anamtazama.

"Iteme hiyo mbegu," alimwambia, akamkingia kiganja. "Utaimeza."