Kitako cha Kambo

Jana usiku, piko haijanikauka vizuri kichwani, niliota nimekaa na bastola ya mkwe wangu mtarajiwa, na bastola amevaa kofia ya viua.

Bastola yenyewe ni ya gumegume, zile za kale zinazowashwa kwa jiwe. Mzee Shehoza alinikabidhi mchana. "Si kazi yako kukagua vitu vya kale? Ikague. Ikiwa ya asili, njoo tuzungumze habari za binti yangu. Babu aliiacha hivyo hivyo, haijaguswa hata skrubu."

Mimi nilikitupia jicho kitako tu, nikajua si chake cha awali. Nikaahidi jibu asubuhi. Nikisema kweli, nimemtukana babu wa watu kaburini, na huyo binti, Mwanahawa, nitasikia kwa majirani kaolewa na nani. Niliogopa, sifichi.

Basi ndotoni nashika kioo cha kukuzia. "Hii gumegume..." naanza.

"Gumegume nani?" anauliza bastola. "Gumegume ni mume asiyefaa. Mimi umenioa lini?"

Naomba radhi. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba vipande vyote viwe vya ukoo mmoja, kwa hiyo vipande vinashuka, vinakaa mkekani kama wazee wa posa. Nauliza kila mmoja ni mtoto wa nani. Mtutu anasema yeye na mtambo ni tumbo moja. Kitako anainama.

"Mimi wa kambo," anasema. "Nimechongwa kwa mninga, hapa hapa Tanga. Mwenzangu wa kwanza aliliwa na mchwa."

"Basi bastola si ya asili," nasema, na machozi yananilenga.

"Na mzee je?" anauliza bastola. "Meno yake ya juu yote ni ya kubandika. Naye si wa asili?"

Hilo nilikuwa silijui. Kabla sijajibu, mkeka umekuwa meza yangu ya kazi, niliyelala juu yake ni mimi, na kioo anacho bastola. Ananigeuza akitafuta muhuri. Anaukuta begani, kovu la chanjo.

"Muhuri halali," anasema. Kisha ananipapasa nywele, mtutu wake unatoka mweusi. "Piko?"

"Kwa ajili ya posa."

"Kitu cha kale hakipakwi rangi, wewe ndiye unayewaambia watu kila siku. Thamani imeshuka."

"Nikijulikana nina mvi watanikataa."

"Njia ya mwongo ni fupi," anasema bastola, "na yako imeishia mezani."

Akajifyatua. Nikaamka simu inaita. Mzee Shehoza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Enhe, asili au si asili?"

"Mtutu na mtambo ni wa asili, baba. Kitako kilibadilishwa, ni mninga wa hapa hapa. Na mimi nina mvi, hizi nywele nimezipaka piko."

Nikaanza kumuaga Mwanahawa moyoni. Mara mzee akaangua kicheko, akacheka mpaka nikasikia kitu kigumu kikidondoka sakafuni kwake, ta!

"Thubiri kidogo, mwanangu," alisema. "Uthikate thimu."