Kidole Gumba cha Khisa

Khisa ni kinyozi. Tunaishi naye ploti moja hapa Ruiru, mimi mlango wa pili, yeye wa tano. Kutwa nzima anasugua vichwa vya watu na mafuta, na mikono yake ni laini kama ya mtoto. Mimi nachonga mawe ya kujengea kule timboni, upande wa Theta, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nimeanza na mikono kwa sababu mambo yote yalikuwa ya mikono.

Mwezi wa tano bibi ya Khisa, Nafuna, alianza kumeza vidonge vya saratani. Ni vile vile alivyomeza bibi yangu Waithira: pinki iliyopauka, asubuhi na jioni, wiki mbili unameza na wiki moja unapumzika. Vilitoka dirisha lile lile, hospitali ile ile ya Thika. Nilijua kwa sababu niliona pakiti kwa pipa la takataka, nikasimama hapo kama mtu aliyepigwa kofi.

Na nilijua kinachofuata. Kwanza viganja vinakuwa vyekundu, vinawaka kama umeshika pilipili. Kisha ngozi inaambuka, mikononi na kwenye nyayo, mpaka kikombe cha chai hakishikiki. Hayo daktari anakuambia. Kitu hawakuambii ni kwamba ngozi ikiambuka inaenda na ile mistari ya vidole, na bila hiyo mistari bima haikujui. Unaweka kidole kwa mashine pale kaunta, mashine inakataa, na karani anasema hawezi kutoa dawa kwa mtu asiyejulikana.

Waithira aliambiwa hivyo mwezi wa kwanza. Alifuta kidole kwa rinda, akaweka tena. Akafuta, akaweka kingine. Vyote kumi. Wakatutuma ofisi nyingine, hiyo ofisi ikataka barua ya daktari, barua ikataka sahihi ya mkubwa, na mkubwa alikuwa semina Naivasha. Aliporudi, mhuri ulikuwa umefungiwa na mwingine aliyeenda likizo. Wiki saba bila kidonge. Barua ilitiwa sahihi Jumanne. Tulikuwa tumemzika Ijumaa iliyotangulia. Mimi niliishia darasa la tano, lakini wiki saba najua kuzihesabu, na waliomuua najua wanakalia viti vya kuzunguka.

Basi ningemwambia Khisa. Maneno machache tu: tafuta hiyo barua sasa, kabla mikono ya bibi yako haijaharibika. Sikumwambia.

Kila jioni Khisa alikuwa anamtoa Nafuna nje, anamkalisha kwa stuli, anamwekea miguu kwa karai ya maji baridi, halafu anampaka mafuta kidole kwa kidole huku akimwimbia kwa Kibukusu. Wanawake wa ploti waliacha kuanua nguo wakaangalia.

"Huyo ndiye mwanaume," Wavinya wa mlango wa kwanza alisema, kwa sauti ya kunifikia. "Wengine bibi akigonjeka wanakimbilia mawe."

"Wavinya, huo mdomo haupumziki hata Jumapili?"

"Kwani nimetaja mtu? Ama umejiona mwenyewe?"

Wakacheka. Mimi pia nilimwosha Waithira miguu, kila siku, miezi minne. Lakini nilifunga mlango kwanza. Nilikolelewa, mwanaume haonekani na karai. Sasa shahidi wangu alikuwa mmoja tu, na huyo yuko chini ya udongo. Khisa alikuwa anasifiwa kwa kazi niliyoifanya mimi, na tena bibi wa kumfanyia alikuwa bado anaye. Usiku sikuwa nalala. Nilikuwa nasikia kicheko cha Nafuna kupitia mabati nahisi ni changu kimeibwa.

Raundi ya pili ya vidonge ikiisha, nilimkuta Nafuna kwa kamba ya nguo. Alikuwa anaanika nguo, mikono ikiwa imevaa soksi.

"Mama Lenny, mikono inakusumbua?"

"Inawaka, Baba Emmah. Hebu angalia." Akavua soksi moja. Ncha za vidole zilikuwa nyororo, zinang'aa kama sahani iliyooshwa. Hakukuwa na mstari hata mmoja. "Ijumaa tunarudi Thika kuchukua zingine. Labda watanipa ya kupaka."

Ilikuwa Jumanne. Nilifungua mdomo nimwambie. Hapo hapo Khisa akaita kutoka ndani, "Mama Lenny, usishike hiyo maji ya moto, nakuja!" na neno langu likarudi tumboni.

"Mungu atasaidia," nikasema, nikaingia kwangu.

Wacha niseme wazi nilichotaka. Sikutaka Nafuna afe. Nilitaka Khisa asimame pale kaunta na ile mikono yake ya mafuta aambiwe rudi kesho. Ajue. Asiendelee kuimba.

Ijumaa sikuenda timboni. Nilitangulia Thika, na walipoingia mimi nilikuwa nimeshakaa benchi ya nyuma kabisa, kofia imeshuka machoni. Karani alikuwa yule yule wetu, msichana anaitwa Nzilani.

"Weka kidole, mama."

Nafuna akaweka. Mashine ikalia ile sauti yake, taa nyekundu.

"Kingine."

Nyekundu.

Nakiri kifua kilijaa kitu kitamu. Nikasema moyoni, karibu, Khisa, karibu kwa laini yetu. Halafu Nafuna akafuta kidole kwa rinda, polepole, kama anaiomba ile mashine msamaha, akaweka tena. Waithira alifanya hivyo hivyo. Mkono wa kulia, juu ya paja. Ule utamu ukageuka uchungu. Nikasimama, nikaanza kusukuma watu nifike mbele niwaambie kuhusu barua, na chumba cha mwisho nyuma ya jengo inakotiwa sahihi, na wasikubali kuambiwa kesho.

"Mzee, fuata laini!" askari wa mlango akanipigia kelele.

Sikuwa nimefika. Khisa akasema, "Madam, jaribu changu. Mimi niko kwa bima yake kama wa kumsimamia." Akaweka kidole gumba. Taa ikawa kijani.

"Dirisha la nne," Nzilani akasema. "Anayefuata."

Basi. Muda wa kupiga chafya.

Nafuna akageuka akaniona katikati ya watu, pumzi juu juu. "Haiya! Baba Emmah! Umekuja kutusindikiza?"

"Hiyo ya kidole," nikasema. "Nani aliwaambia?"

Khisa akaangalia viatu vyake. Nafuna ndiye alijibu. "Ni Mama Emmah wako, marehemu. Mwezi wa pili, nilipomwambia nimeona uvimbe. Alisema kabla nimeze hata kidonge kimoja, Baba Lenny aende aandikishe kidole chake." Akairudisha soksi mkononi. "Alinikataza nikwambie wewe."

Hakuhitaji kusema kwa nini. Tulipoandikishwa bima, miaka mitatu iliyopita, mimi pia niliweka kidole cha kumsimamia. Mashine ikakataa. Mawe yalikuwa yamekula mistari yote. Kijana wa kompyuta akaniambia nikae wiki tatu bila kushika jiwe, ngozi irudi, nije tena. Nilimcheka. Wiki tatu tule nini? Sikurudi. Na Waithira hakunikumbusha hata siku moja. Alisimama pale kaunta na vidole kumi vilivyokufa, nami kando yake na kumi vyangu, akaniacha nitukane wakubwa mpaka mwisho.

Bado nawatukana. Mtu anayeleta mashine isiyotambua mkono wa mfanyakazi anastahili matusi. Lakini lile neno nililolificha, Waithira alikuwa ameshalitoa, anakufa, kwa bibi ya mtu mwingine, na mimi akanifichia kosa langu.

Nyayo za Nafuna zilikuwa zimepasuka, ngazi hangeziweza. Khisa akainama, akambeba mgongoni mbele ya watu wote.

"Baba Emmah, tushikie dawa," Nafuna akasema kutoka huko juu, akanyoosha mkono wenye soksi.

Wivu haukuisha, nisidanganye mtu. Niliuonea wivu hata ule uzito mgongoni mwake. Nikatembea nyuma yao mpaka steji ya matatu, ile pakiti nimeishika kwa mikono miwili, isije ikaanguka.