Dirisha la Jikoni

Kila siku baada ya kula, baba alijifuta mikono, akachukua simu, akaisikiliza sauti ya marehemu mama. Ilikuwa fupi: "Baba watoto, funga dirisha la jikoni, mvua inakuja. Usiseme utafunga, funga."

Baba aliinuka akalifunga, hata jua likiwa kali.

"Mama yenu hajaacha kunituma," alisema, nasi tukacheka.

Sauti hiyo haikuwa ndani ya simu. Kaka yangu alikuwa mtunza mashine katika kampuni inayowahifadhia watu picha na sauti zao. Simu ya mama ilipoanza kuharibika, kaka aliihamishia sauti hiyo huko, kwenye seva, kompyuta kubwa ya kampuni, akatuambia huko haitapotea.

Siku moja kaka alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Tulikuwa mezani bosi wake alipopiga simu. Kaka alisukuma sahani pembeni.

"Programu ya seva ina tundu baya," alisema. "Mtu yeyote, popote alipo, bila nywila, anaweza kuiamuru mashine yetu nayo ikatii. Kiraka cha kuliziba kimeshatoka. Nazima seva nikiweke."

"Basi hata mimi nina tundu," baba alisema. "Naamrishwa kutoka mbali, natii."

Kaka hakucheka. Alifungua kompyuta. Baba alikuwa ameshashika simu.

"We fundi, ukizima, mama yako ananyamaza?"

"Kwa muda tu, baba."

"Ngoja basi nimsikie kwanza."

Kaka alinitazama. Mimi si msemaji, nikainamia sahani yangu. Akaondoa kidole kwenye kibonye.

"Haya, mzee. Fanya haraka."

Baba alisikiliza, akaenda kufunga dirisha. Aliporudi akaomba kusikia tena, na kaka hakuwa na moyo wa kumnyima. Safari hii sauti ilikatika katikati: "Usiseme uta..."

"Umeshazima?"

"Sijagusa kitu," kaka alisema, na uso wake ukabadilika.

Watu walikuwa wameshaingia kwa tundu lile, wanafuta kila kitu. Alipofanikiwa kuizima seva, haikuwa na kitu. Nakala za akiba zilikuwa zimeunganishwa na mashine hiyohiyo, nazo zikaenda. Picha za harusi za watu, vicheko vya watoto wao, na mama yetu.

"Si ulisema huko haipotei?" Baba hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nilipaswa kuzima palepale, baba."

Hakusema kwa nini hakuzima. Sote tulijua.

Kesho yake tulimaliza kula. Baba alijifuta mikono, akaishika simu, akairudisha mezani. Mvua ikaanza, mvua ya kweli, ikaingia jikoni mpaka juu ya jiko. Kaka akaenda dirishani.

"Liache," baba alisema. "Hilo langu."

Lakini hakuinuka. Alikuwa ametega sikio. Kaka alibaki amesimama, mkono kwenye komeo, shati likilowa. Nami nilikuwa na maneno yale yote ya mama mdomoni, neno kwa neno, nikashindwa kuyatoa.